Daftari la Jumatatu

Jumatatu wageni wa hoteli hawachezi,
kiwanja cha Mangapwani kinabaki chetu:
wakata nyasi, wabeba mikoba, mpishi wa mikate,
daktari wa meno kutoka Mkokotoni,
na mie, Zuwena wa stoo,
niliyekabidhiwa daftari
kwa kuwa sukari yangu haijapata kupungua.

Mashimo tisa, tunayazunguka mara mbili.
Kisha kila mtu ananiletea karatasi yake,
imelowa jasho, ina alama ya dole gumba,
nami nachomoa penseli kwenye ushungi.

Wanadhani natoa sadaka.
“Zuwena, nizidishie miwili, nina mafua.”
“Zuwena, mke wangu kajifungua, sikulala.”
Hongera, bwana, lakini humu mafua hayana safu yake.
Nachukua karatasi zako ishirini za mwisho,
nazitandaza kama dagaa juani,
nachagua nane zilizo njema,
kumi na mbili nazifunika.
Kila moja kati ya nane imezidi mingapi
ile sabini na mbili ya kiwanja?
Najumlisha, nagawa kwa nane.
Mikwaju hiyo ndiyo utakayopunguziwa.

Pandu alikuja juu: “Kwa nini nane?
Chukua zote, ndiyo haki!”
Nikichukua zote, Pandu,
nitamlipa mtu kwa uvivu wake.
Mie sipimi ulivyokuwa. Napima unavyoweza
siku upepo umekuachia na mkono umekutii.
Na lile shimo la sita, penye matumbawe,
ulipopiga kumi na moja ukavurumisha fimbo kichakani,
nimekuandikia saba.
Shimo moja lisimpe mtu sura isiyo yake.

Machano yeye halalamiki. Machano anajua.
Wiki tatu kabla ya Kombe la Idi Kubwa
mipira ya hatua mbili ikawa inampita kando,
anashika kichwa, “Loo!”
Jioni moja nikamwona peke yake:
kapanga mipira tisa, kaizamisha tisa.
Nikafungua daftari. Daftari halina macho.
Lakini zile nane zake za tangu Rajabu zimo,
hazikwenda popote,
na tisa yake ikabaki tisa.

Aliyeninyima usingizi ni Khatib Mshenga.
Enzi zake alikuwa na nne.
Hesabu ikisema kumi na tatu, ananiinamia:
“Andika tisa, mwanangu. Usinitangaze.”
Miezi mitatu nikaandika tisa,
nikidhani ni adabu.
Miezi mitatu akashindwa,
kwa heshima yangu.

Usiku wa kuamkia Kombe nikaacha penseli.
Kumi na tatu, kwa wino.

Hakusema kitu. Alicheza.
Themanini na tatu, toa kumi na tatu: sabini.
Machano themanini, toa tisa: sabini na moja.
Khatib akalishika kombe
kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani.
“Zile nne si zangu,” akaninong’oneza.
“Si zako. Ni za goti.”
Akalitazama goti lile kwa muda mrefu,
kama mtu anayetafuta deni lake kwenye orodha ya duka.

Wiki iliyofuata nikaiingiza karatasi yake mpya.
Ikaisukuma nje moja iliyochoka,
hesabu ikashuka: kumi na mbili na ushei.
Nikaandika kumi na mbili, nikamwita.

Sijaona mtu akinyang’anywa akafurahi vile.
Akapita kwa walinzi, akapita kufulia,
akaingia jikoni na kofia mkononi:
“Nimeshushwa! Nimeshushwa!”
Mpishi, asiyekuwapo siku ile,
akadhani kateremshwa cheo.
Akampa pole, na mkate wa moto.
Khatib akaupokea, akaula wote,
wala hakumsahihisha.